Bidhaa Mpya Iitwayo Elikana

Nchi ninayotaka kuwasimulia siitaji jina, na wala si kwa woga. Jina lenyewe lina mdhamini. Kila ukilitamka hadharani sharti utaje na mafuta ya kupikia yaliyolilipia, ukubwa wa kopo na rangi ya kifuniko, na mimi hapa nina haraka. Itoshe kusema si nchi yenu. Yenu naijua, ni nzuri, na mambo haya hayawezi kutokea kwenu hata siku moja.

Mimi nilikuwa karani wa redio ya taifa, dirisha namba tatu, Matangazo ya Vifo. Nawaomba msinionee huruma. Ilikuwa kazi ya heshima, na kiti changu kilikuwa na mto.

Lakini kwanza niwaeleze tulivyofika hapo, maana sisi ni watu wa maendeleo. Zamani habari zililetwa na mpiga mbiu. Alipuliza pembe lake, watu wakatoka, akasema lake. Serikali ikamwona ana kasoro mbili. Kwanza, mdomo wake ulikuwa mmoja. Pili, na hili ndilo baya, watu walikuwa wanamuuliza maswali na yeye alikuwa anajibu. Ikaletwa redio, ambayo haiulizwi kitu. Yakafuata magazeti, ikafuata televisheni, na mwishowe simu ya mkononi, iliyomwezesha kila mwananchi kubeba matangazo mfukoni mwake mwenyewe bila kuisumbua serikali kuyabandika ukutani.

Matangazo ya biashara nayo yalikuja kwa adabu. Mwanzoni yaliingia katikati ya habari, yakasema neno moja la sabuni, yakaaga. Baada ya miaka michache habari ndizo zilizokuwa zikiingia katikati ya matangazo. Mwisho wasikilizaji wakaulizwa kama habari haziwakatizi matangazo yao. Wakasema zinawakatiza, tena sana. Zikaondolewa.

Kitu kimoja tu hakikuguswa: vifo. Kila siku saa saba mchana, nchi nzima ilinyamaza. Mama aliacha mwiko chunguni, mwalimu aliacha chaki, kinyozi alimwacha mteja na nusu ya ndevu. Mzee Zahoro, msomaji wetu, alikohoa mara moja, kisha akaanza kwa ile sauti yake nzito: "Kwa masikitiko makubwa..." Alitaja jina la marehemu, kijiji, siku ya mazishi, kisha ndugu mmoja mmoja na mahali alipo, wapate habari. Mtu wa kwetu hakuhesabika kuwa amekufa mpaka Mzee Zahoro amsome. Kabla ya hapo kaburi halikuchimbwa, maharage hayakuinjikwa, na watu walimzungumzia marehemu kama mtu aliye safarini. Nakumbuka bwana mmoja ambaye karatasi yake ilikosa muhuri kwa wiki tatu. Katika wiki hizo tatu alipewa kadi ya kupigia kura na akachaguliwa mweka hazina wa chama cha ushirika.

Basi siku moja Meneja Mauzo wetu, Bwana Kristofa Lugenge, akatazama saa ya ukutani, akatazama mtaa ulivyonyamaza, akapigwa na wazo. Nchi nzima inasikiliza, na hakuna anayeiuzia kitu!

Wiki iliyofuata Waziri wa Habari, Furaha na Mauzo, Mheshimiwa Profesa Pantaleo Mkongoti, alilihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu marehemu wa nchi hii wamekuwa wategemezi. Wanatangazwa, wanaliliwa, wanazikwa, na wao hawachangii chochote! Serikali yangu haiwezi kukaa kimya huku watu wakifa hovyohovyo bila tija. Kuanzia leo, kila kifo kitakuwa na mdhamini." Tulipiga makofi kwa dakika nne. Makofi yenyewe yaliletwa kwetu na kampuni ya losheni ya mikono.

Na kweli, siku za kwanza mambo yalipendeza. "Tangazo hili la kifo cha Bi Eufrasia, aliyeacha watoto saba na mashuka meupe pe, limeletwa kwenu na Sabuni Mng'aro." Familia zilianza kujivunia. Mtu akiugua, wanawe walimwekea soda kitandani, chupa ikielekea mlangoni, ili wageni wakumbuke. Nasikia kuna babu alimfukuza mkwewe kwa sababu alimletea chai ya kampuni nyingine. Sikuona ubaya wowote. Nilipewa mto wa pili.

Ubaya, kama upo, alikuja nao Bi Yunis Nyamweru.

Alifika dirishani kwangu Jumatano asubuhi, mama wa miaka sitini na kitu, kajifunga kanga kiunoni, viatu mkononi kwa sababu ya tope la kijijini kwao, Nyakasanda. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za watoto wangu, akanihurumia kwa kuwa sina, ndipo akasema lililomleta.

"Mume wangu amefariki jana, mwanangu. Elikana, fundi visima. Nataka asomwe, na atajwe pia mtoto wetu, Obadia, aliyeko kwenye mashamba ya chumvi."

Nikampa pole. Nikamuuliza kwa nini asimpigie simu.

"Huko hakuna mtandao. Barua inachukua wiki mbili. Kuna redio moja tu, wameitundika kwenye nguzo pale wanapokula chakula cha mchana." Akavuta pumzi. "Ni safari ya siku mbili kwa lori la chumvi. Nikimfuata mwenyewe ni siku nne, kwenda na kurudi. Na sista wa hospitali ameniambia mafuta ya jenereta ya chumba cha maiti yatatosha mpaka Jumamosi, basi. Baada ya hapo lazima nimzike. Na sitaki kumzika bila Obadia kutia udongo wa kwanza. Hawajasemeshana miaka kumi."

Nikamwuliza walichogombania. Haikuwa kwenye fomu, lakini mimi ni mbea kidogo, nakiri.

"Kisima," akasema. "Obadia alichimba kisima chake cha kwanza kule bondeni. Baba yake akaja, akachungulia, akasema mbele ya kijiji kizima: 'Kimepinda. Huyu si fundi, huyu ni fuko.' Watu wakacheka. Jioni ile mtoto akafunga virago."

Nikachukua fomu, nikafika kwenye swali linalotakiwa. "Marehemu alikuwa anatumia nini?"

"Kutumia nini vipi?"

"Sabuni gani? Soda gani?"

Bi Yunis akafikiri kwa uaminifu kabisa. Mzee Elikana alikuwa akioga kwa majani ya mpapai. Alipiga mswaki kwa kijiti cha mti. Uji alikunywa bila sukari. Redio alisikiliza kwa jirani. Shati lake la Jumapili lilikuwa la harusi yake. Niliandika, nikafuta, nikaandika, mwisho nikaona aibu na kumpeleka kwa Bwana Lugenge.

Bwana Lugenge aliisoma fomu huku anatikisa kichwa. "Mama, pole sana, lakini huyu mzee hakuwahi kuwepo sokoni. Miaka sabini na tisa! Tutamtangaza kama nani?"

"Kama Elikana," akasema Bi Yunis.

Nisiwe mchoyo wa sifa: Bwana Lugenge alijitahidi. Alipiga simu kampuni tisa. Kampuni ya tisa ikakubali, ile ya Dawa ya Meno Kenua. Maneno yakaja baada ya robo saa, nasi tukasomewa: "Mzee mmoja wa kijijini hakuwahi kutumia Kenua hata siku moja. Leo yuko wapi? Kenua, kabla hujachelewa!"

"Lakini alikufa na meno yake yote thelathini na mawili," akasema Bi Yunis.

"Hilo ndilo tatizo lenyewe, mama. Tusilitaje."

"Na jina lake?"

"Nafasi haitoshi."

"Na la Obadia? Na siku ya mazishi?"

"Mama, hili ni tangazo la sekunde kumi na tano."

Bi Yunis akasimama, akakaza kanga yake. "Basi mwanangu, hilo si la mume wangu. Hilo ni la meno." Akatoka nje. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi zetu za marumaru, analia, na wapita njia wakimpisha kwa heshima wakidhani ni tangazo la leso.

Roho iliniuma, sifichi. Lakini nataka ieleweke kwamba mimi sikumshauri kitu. Mtumishi wa umma hashauri. Nilichofanya ni kuketi kando yake na kusoma kanuni kwa sauti, jambo ambalo kila mtumishi anahimizwa kulifanya. Ikatokea tu kwamba nilifungua Kanuni ya Kumi na Nne, ya Kukuza Ujasiriamali wa Wanyonge: bidhaa mpya ya mwananchi yeyote itasomwa redioni bure, siku tatu mfululizo, saa saba mchana, bila kupunguzwa neno. Mheshimiwa Waziri aliipitisha wakati wa kampeni. Fomu zilichapwa elfu kumi, na hajawahi kuomba mtu. Kanuni haikuwahi kutangazwa, kwa kuwa haikupata mdhamini.

 Bi Yunis akafuta machozi, akasema, "Hebu nipe hiyo fomu. Na uniandikie wewe."

Tukaijaza pale pale kwenye ngazi. Mimi nauliza, yeye anajibu. Saa kumi jioni ilikuwa na mihuri yote, maana mpiga muhuri wetu anatazama kama kuna nafasi ya muhuri, hasomi.

Kesho yake, Alhamisi, saa saba kamili, nchi ikanyamaza. Mzee Zahoro akaipokea karatasi, akakohoa mara moja. Yeye sauti anayo moja tu, ya msiba, hata akiagiza chapati. Akasoma:

"Bidhaa mpya. Jina: Elikana. Ni ya asili, haikuongezwa rangi. Uzito: kilo sitini na mbili. Imetengenezwa mwaka wa nzige. Mwisho wa matumizi: Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi. Matumizi yake: kuchimba visima, kurudisha ng'ombe wa jirani bila kuombwa, na kukaa kimya na mtu mwenye shida. Namna ya kuitunza: haihitaji sukari wala sifa. Ipewe uji. Tahadhari: ikikasirika huchelewa kupoa. Kasoro zilizorekebishwa: ilisema kisima cha bondeni kimepinda. Hakikupinda. Inapatikana Nyakasanda kwa mama Obadia, Jumamosi saa nane mchana, siku hiyo moja tu. Obadia, wahi."

Kisha Mzee Zahoro akanyamaza. Sijui kama alijisahau au alifanya makusudi, mimi si mchonganishi. Zilipita sekunde sita bila wimbo wala kelele. Redio yetu haikuwahi kunyamaza sekunde sita tangu ianzishwe. Madereva walisimamisha magari wakidhani imeharibika.

Ilipofika saa tisa, simu za ofisi zilikuwa hazishikiki. Elikana inauzwa wapi? Ipo ya ukubwa mdogo? Inafaa kwa wenye kisukari? Wenye maduka, ambao hawapendi kumpoteza mteja, walijibu, "Elikana imekwisha asubuhi hii, itakuja kesho." Kampuni ya Mng'aro ikatoa sabuni mpya "yenye Elikana ndani yake". Bwana Lugenge alikuwa amekwisha kuvua koti aje kunifukuza, lakini alipoona wadhamini kumi na wanne wanagombania kulidhamini tangazo, akalivaa tena. Na Ijumaa jioni Mheshimiwa Waziri alilituliza taifa kwenye televisheni. "Mimi mwenyewe natumia Elikana," alisema, "na mke wangu pia, na tumeona mabadiliko makubwa. Kesho nitaizindua rasmi."

Jumamosi nilipanda lori la mchanga kwenda Nyakasanda. Yarabi! Foleni ilianzia uani kwa Bi Yunis, ikapita shambani, ikashuka bondeni, ikapanda upande wa pili. Watu walikuja na vikapu, ndoo, madebe. Mwanamke mmoja alikuwa na chupa iliyosuuzwa vizuri, anasema yeye anataka nusu tu ya kujaribia. Jua lilikuwa kali, na watu wakawa wanashuka kunywa maji kwenye kisima cha bondeni na kurudi kwenye nafasi zao. Walikisifu sana. Wakauliza mdhamini wake ni nani.

Uani palikuwa na kaburi lililochimbwa vizuri, na kando yake sanduku la mbao za mninga. Waziri alikuwa amekwisha kufika na mkasi na utepe. Akaligonga sanduku kwa vidole. "Kifungashio imara," akasema. "Mama, tuanze, nina uzinduzi mwingine saa tisa."

"Bado, baba. Mteja wa kwanza hajafika."

Mheshimiwa akacheka vile wanavyocheka mbele ya kamera. "Mama, katika nchi hii mteja wa kwanza ni mimi."

"Samahani sana, mheshimiwa," akasema Bi Yunis, "wa kwanza ana jina lake, na limesomwa redioni." Na kwa kuwa kilichosomwa redioni hakibishiwi, hata na yeye, Mheshimiwa akatafutiwa kigoda.

Saa nane ikafika. Ikapita. Bi Yunis alikuwa amesimama, macho yake njiani, midomo inacheza bila sauti. Sista wa hospitali akamnong'oneza kwamba haifai kungoja tena, jua ni kali. Akasema dakika tano. Zikapita. Akaomba tano nyingine. Mimi niliyemsomea kanuni nilikuwa natamani ardhi inimeze. Labda kule kwenye mashamba ya chumvi redio iliharibika. Labda walizima. Labda alisikia na hakutaka kuja.

Ndipo kelele zikaanza huko nyuma ya foleni. "Wewe! Panga foleni!" "Huyu anajiona nani?" "Wengine tuko hapa tangu asubuhi, bwana!" Mtu alikuwa anapenya, anasukumwa, anapenya tena. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitano hivi, nguo zake nyeupe kwa chumvi kuanzia kola mpaka buti. Karibu na mlango wa ua jamaa mmoja mnene akamziba njia kwa ndoo. "Kila mtu apange foleni, ndugu yangu."

"Nimepanga miaka kumi," akasema Obadia. Yule mnene akashusha ndoo.

Alifika mbele ya mama yake akasimama tu, mikono haijui pa kwenda. Hakumwamkia wala hakulia. Alichouliza ni hiki: "Mama, ni kweli? Kile kisima?"

"Alishuka humo mwaka uleule ulipoondoka," akasema Bi Yunis. "Na timazi yake mkononi, ile kamba ya kupimia wima. Akakipima mara tatu. Akarudi akakaa pale kizingitini mpaka uji ukapoa."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa anatafuta pa kuanzia, mwanangu. Kila siku alikuwa anatafuta pa kuanzia."

Hapo ndipo Obadia alipolia, kwa sauti kubwa, mtu mzima yule, ameshika sanduku kwa mikono yote miwili. Na kilio kikafanya kazi ambayo tangazo halikuifanya. Watu wakaliona sanduku kuwa ni sanduku. Kimya kikatembea kutoka uani, shambani, bondeni, mpaka upande wa pili. Walioshika vikapu wakavificha nyuma yao.

Nilidhani wataondoka, maana hakuna kilichokuwa kinauzwa. Hakuondoka mtu. Obadia alitia udongo wa kwanza, na foleni ikasogea. Kila mmoja akachukua konzi moja la udongo, akatia, akampa mama pole, akapita. Yule mwanamke wa chupa alimimina kwanza pembeni maji aliyoyateka kisimani, ndipo akainama. Hata Mheshimiwa Waziri alitia konzi lake. Alitia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kamera haikuwa tayari.

Iliundwa tume. Ikakaa miezi mitatu kuchunguza jinsi bidhaa isiyouzika ilivyovuta watu wengi kuliko sabuni zote za nchi kwa pamoja. Taarifa yake ilisema bidhaa haikuonekana kuwa na kasoro, na ikapendekeza mihuri iongezwe. Bwana Lugenge alipandishwa cheo. Mimi nilinyang'anywa mto mmoja.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumatatu ile baada ya mazishi niliwahi kazini, nikakuta mstari wa watu kuanzia dirisha namba tatu mpaka barabarani. Wamenyamaza, wote wameshika fomu ya Kanuni ya Kumi na Nne. Sijui nani aliwaambia. Fomu zile elfu kumi zilikuwa zinapungua kwa mara ya kwanza.

Wa kwanza alikuwa mzee wa makamo, kofia mkononi. Nikachovya kalamu.

"Jina la bidhaa?"

"Salome. Mke wangu."

Nikaandika. Uzito, mwaka, matumizi, yote aliyajibu harakaharaka, kama mtu aliyekuja ameyakariri njiani. Tukafika mwisho.

"Kasoro zake zilizorekebishwa?"

"Hakuwa nazo," akasema. Akaizungusha kofia vidoleni, akainama karibu na dirisha. "Andika zangu."

Nikaandika mpaka nafasi ikajaa. Kisha nikamwongezea karatasi.